Mtoto wa kwanza wa usonji alisoma shule ya kijijini

Leo tunaongea historia, na naanza na swali. Mtoto wa kwanza kwenye orodha ya daktari aliyeutambulisha usonji kwa dunia alisoma wapi? Watu wengi nikiwauliza wananijibu haraka: hospitalini, ama shule maalum, ama hakusoma kabisa. Jibu ni hapana kwa yote matatu. Alisoma shule ya kijijini, ile ya kawaida, na watoto wa majirani. Hiyo ni miaka ya 1940. Kenya bado ni koloni na nyanya yangu hata hajazaliwa.

Nauliza juu kila mara mada ya watoto wenye usonji kusoma na wenzao ikitokea, lazima kuna msee atasema ati hizo ni stori mpya za wafadhili, zimeletwa juzi na semina za hoteli, na shule zetu haziwezi. Sasa mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo siwezi nikajifanya profesa hapa. Lakini niko na kadi ya maktaba na niko na bando, na hii stori nimeifuata kutoka mwanzo. Kitu nimeona ni hiki: kila mahali mtoto kama huyo aliingia darasa la kawaida na akakaa, kuna mtu alibadilisha darasa kidogo ili limtoshe. Na kila mahali alishindwa kukaa, mlango ulifunguliwa lakini ndani hakuna kilichoguswa.

Nifuate polepole.

Kisima

Huyo mtoto anaitwa Donald Triplett. Alizaliwa mwaka wa 1933 katika mji mdogo unaoitwa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu na alipenda namba, lakini ukimwita jina anakaa kana kwamba hujasema kitu. Wazazi wake walishauriwa na madaktari wampeleke kwenye taasisi. Mwaka wa 1937, akiwa na miaka 3, wakampeleka. Mwaka uliofuata wakasema imetosha, wakamrudisha nyumbani. Baba yake, ambaye alikuwa wakili, akaandika barua ya kurasa 33 akimweleza mtoto wake kwa daktari mmoja wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Daktari huyo ni Leo Kanner. Mwaka wa 1943 Kanner akachapisha makala kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, na Donald ndiye aliyetangulia kwenye orodha. (Kabla yake, mwaka wa 1925, daktari mwanamke kule Muungano wa Kisovieti, Grunya Sukhareva, alikuwa ameandika kuhusu wavulana 6 wenye dalili zinazofanana. Dunia ilimsahau kwa miaka mingi. Kama kawa.)

Sasa sehemu tamu. Mwaka wa 1942 wazazi wa Donald walimpeleka kuishi na mume na mke wakulima, watu wa kawaida wasio na watoto wao. Kanner alienda kuwatembelea mwaka wa 1945 na akaandika alichokiona.

Donald alikuwa amelemewa na kupima vitu. Kila kitu anataka kujua urefu wake. Wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungemnyang'anya rula. Yule mkulima alimwambia achimbe kisima, kisha awe anampa ripoti kimefika kina gani. Donald alikuwa anaokota ndege na wadudu waliokufa. Wakampa kipande cha ardhi kiwe makaburi yao, na aandike kibao cha kila mmoja. Donald akaandika jina la kwanza, katikati akaweka aina ya mnyama, na mwisho akaweka jina la ukoo la yule mkulima! Alikuwa anahesabu mistari ya mahindi tena na tena bila kuchoka. Wakamwambia sawa, hesabu, lakini hesabu huku unailima na farasi.

Na shule? Kanner aliandika kwamba Donald alikuwa anasoma shule ya hapo kijijini, tabia zake zisizo za kawaida zilikuwa zimekubalika, na masomo yalikuwa yanaenda vizuri. Hakukuwa na semina yoyote. Mwalimu hakuwa na cheti cha usonji, juu hata neno lenyewe kwa maana hiyo lilikuwa na miaka miwili tu. Alimaliza sekondari kwao Forest, akaenda chuo cha Millsaps, akahitimu mwaka wa 1958, akafanya kazi benki, akajifunza kuendesha gari, akacheza gofu, akazunguka dunia. Alifariki mwaka wa 2023 akiwa na miaka 89.

Kabla hujaniambia ninachora picha ya kupendeza, acha niiharibu mwenyewe. Hiyo benki aliyofanyia kazi ilikuwa ya familia yao. Na hiyo ilikuwa Mississippi ya ubaguzi wa rangi: mtoto mweusi wa mtaa wa pili, awe na usonji au asiwe nao, hangekaribia darasa la Donald. Kwa hivyo alikuwa na pesa, ngozi, na mji mzima uliomjua baba yake. Watoto wengine kwenye ile orodha ya 11 hawakuwa na bahati hiyo. Kanner aliwafuatilia na mwaka wa 1971 akachapisha walikofika. Waliopelekwa kwenye hospitali za serikali walikuwa wamezama, na yeye mwenyewe akasema kuingizwa huko kulikuwa kama kifungo cha maisha. Sisemi watoto wote 11 walikuwa na hali sawa. Nasema daktari aliyeanzisha hii stori aliona kwa macho yake kwamba mahali unapomweka mtoto panachangia mtu atakayekuwa.

Kwa hivyo tangu miaka ya 1940 tulikuwa tunajua. Swali ni kwa nini tulichelewa.

"Huyu anafundishika?"

Tulichelewa juu ya swali moja ambalo linasikika la busara: huyu mtoto anafundishika?

Mwaka wa 1944, mwaka mmoja tu baada ya Kanner, daktari Hans Asperger alichapisha kazi yake kule Vienna kuhusu watoto wa aina hiyo. Aliwasifu baadhi yao kwa akili zao. Kwa miaka mingi alisimuliwa kama shujaa aliyewakinga watoto dhidi ya Wanazi. Halafu mwaka wa 2018 mwanahistoria Herwig Czech akachapisha alichokipata kwenye faili za zamani: Asperger alishirikiana na utawala huo, na kuna watoto aliowaelekeza kwenye kliniki ya Am Spiegelgrund. Kwenye kliniki hiyo karibu watoto 800 waliuawa. Ukionekana unafundishika, unapona. Ukionekana hufundishiki, basi.

Simlinganishi mwalimu mkuu wa mtaani kwenu na Wanazi, tafadhali. Nasema tu hilo swali lina historia, na tukiliuliza kwa sauti ya upole ofisini tukumbuke limetoka wapi.

Baada ya vita hakuna aliyeua, lakini kufungia nje kuliendelea. Uingereza, kwa mfano, mtoto angeweza kutajwa rasmi na serikali kwamba hafai kwa elimu ya shule. Mambo hayo yalibadilishwa na sheria ya 1970, iliyoanza kazi 1971. Marekani, bunge lao lilipochunguza katikati ya miaka ya 1970, lilikuta zaidi ya watoto milioni 1 wenye ulemavu wako nje kabisa ya shule za umma. Na hiyo ndiyo nchi iliyokuwa imeshapeleka watu mwezini.

Wakati huohuo, kina mama walikuwa wanasulubiwa. Nadharia iliyotamba ni kwamba mtoto anakuwa na usonji kwa sababu mama ni baridi, kama friji. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima kwenye mstari huo mwaka wa 1967 na watu wakakisoma kama maandiko. Ukicheka, kumbuka sisi hapa tunasema ni laana, tunasema amerogwa, tunauliza mama alikula nini akiwa na mimba. Friji letu ni lile lile, tumebadilisha rangi tu.

Waliovunja hiyo nadharia ni wazazi. Uingereza, mwaka wa 1962, wazazi walijipanga wakaunda chama chao, na mmoja wao alikuwa daktari, Lorna Wing, ambaye binti yake alikuwa na usonji. Marekani, Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu mwaka wa 1964 kuonyesha kwamba shida haiko kwa mapenzi ya mama. Mwaka uliofuata yeye na wazazi wenzake wakaanzisha chama. Halafu wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili wakaenda mahakamani Pennsylvania. Walijifunza kutoka kwa nani? Kutoka kwa watu weusi. Kesi ya Brown ya 1954 ilikuwa imesema huwezi kutenga watoto shuleni kwa rangi ukadai wako sawa. Wazazi hao wakasema: basi hata kwa ulemavu. Mwaka wa 1975 Marekani ikapitisha sheria ya kila mtoto mwenye ulemavu kusoma bure shule za umma, na asome na wenzake kadiri inavyowezekana. Usonji wenyewe ulitajwa kwa jina kwenye sheria hiyo mwaka wa 1990.

Ona mpangilio. Mtaalamu alifika nyuma ya mzazi, na serikali ikafika nyuma ya mtaalamu.

Sasa Kenya

Sisi tulianza vibaya kwa njia yetu. Shule za kikoloni zenyewe zilikuwa zimegawanywa: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, na zetu zikiwa mkiani. Elimu ya watoto wenye ulemavu ilianzia kwa makanisa. Salvation Army walianza na wasioona kule Thika mwaka wa 1946. Ilikuwa kazi nzuri, sina neno. Lakini ilituwekea picha kichwani: mtoto mwenye ulemavu anasomea mbali, bwenini, kwa huruma ya mtu.

Uhuru ukaja, na hapa ndipo wale wa "mambo mpya za wafadhili" wanafaa wanisikize. Tume ya Ominde, ile iliyopanga elimu ya Kenya huru, ilisema mwaka wa 1964 kwamba watoto wenye ulemavu mdogo wasome katika shule za kawaida. Hiyo ni miaka 30 kabla ya mkutano wa Salamanca kule Uhispania, ambapo mwaka wa 1994 serikali 92 zilikubaliana kuhusu elimu jumuishi. Wakenya walikuwa wameliandika kwenye karatasi yao wenyewe mapema hivyo.

Lakini usonji ulikuwa bado hauonekani. Miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alizunguka miji 9 katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo. Aliangalia watoto 1,312 ambao tayari walijulikana kuwa na ulemavu wa akili. Matokeo yalichapishwa 1978: watoto 9 tu wenye usonji. Kuna watu walisoma hiyo namba wakasema, unaona, usonji ni ugonjwa wa Wazungu. Fikiria kidogo. Yule mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma wageni wakija hakuhesabiwa. Yule aliyekuwa darasa la pili akichapwa kila siku juu haangalii mwalimu machoni, akaitwa mjeuri, hakuhesabiwa pia. Na viboko shuleni vilikuja kupigwa marufuku mwaka wa 2001, kwa hivyo hesabu mwenyewe ni watoto wangapi walichapwa kwa sababu ya namna ubongo wao unavyofanya kazi.

Mwaka wa 1984, kwa msaada wa Denmark, tulianza vituo vya kupima watoto na kuwashauri wazazi wapi pa kuwapeleka. Mwaka wa 1986 ikaundwa taasisi ya elimu maalum, KISE, kule Kasarani, kufunza walimu. Halafu ukaja mwaka wa 2003, na mwaka huo kulitokea mambo matatu kwa mpigo.

La kwanza, elimu ya msingi ya bure. Watoto waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. La pili, sheria ya watu wenye ulemavu. La tatu halikupata vichwa vya habari: wazazi wa watoto wenye usonji waliunda chama chao, Autism Society of Kenya, na madarasa ya watoto wao yakaanza ndani ya City Primary, shule ya umma hapa Nairobi. Elewa huo ulikuwa ujasiri wa aina gani. Hawakusema tujengeeni mahali mbali. Walisema tunaingia kwa geti hili hili, na yunifomu hii hii.

Sasa isome ile sheria ya 2003 kwa makini. Kifungu cha 18 kilisema shule isimkatalie mtu nafasi kwa sababu tu ya ulemavu wake, *ikiwa ana uwezo* wa kupata masomo ya kutosha. Umeiona hiyo "ikiwa"? Lile swali la zamani lilirudi kwa mlango wa nyuma. Nani anapima huo uwezo? Mwalimu mkuu, dakika 10, siku ya kusajili, mtoto akiwa ofisi asiyoijua, simu zinalia, watu wanaingia wakitoka. Hata wewe ungefeli. Tangu hapo tumepata Katiba ya 2010, sera ya 2009, sera nyingine ya 2018, na mwaka wa 2025 sheria mpya ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Karatasi hatukosi. Lakini "ikiwa" ni neno gumu kufuta kwa vichwa vya watu.

Mzee na dawati

Kuna stori moja Wakenya wote wanaipenda. Januari 2004, Mzee Kimani Maruge, miaka 84, aliingia darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na kaptura na soksi ndefu. Mwaka uliofuata alikuwa kiranja mkuu, na akapanda ndege kwenda kuongea New York. Filamu ikatengenezwa. Tulilia.

Maruge alikuwa tofauti na kila mtoto mle ndani. Hakusikia vizuri, mwili umechoka, ana watoto na wajukuu. Kwa kila kipimo cha "darasa la kawaida" hakufaa. Na bado dawati lilipatikana, darasa likamzoea, wale watoto wakamzoea, na hakuna hata mmoja aliyeharibika kwa kukaa karibu naye. Tulipotaka, tuliweza. Elimu bure iliandikwa kwa ajili ya watoto, lakini mzee akaisoma akasema hata mimi, na nchi ikapiga makofi. Mtoto wa miaka 6 mwenye usonji akisema hata mimi, tunaitisha mkutano.

Yuniti

Nina binamu wa miaka 9. Shangazi yangu alipoanza kumtafutia shule huku Eastlands, ya kwanza walimwambia nafasi zimejaa, na wiki iliyofuata wakamsajili mtoto wa jirani. Ya pili walimpokea, halafu wakawa wanapiga simu kila siku saa nne asubuhi, mama njoo umchukue. Shangazi alipoteza kazi juu ya hizo simu. Ya tatu ina yuniti, na hapo ndipo yuko mpaka leo.

Yuniti ni darasa la watoto wenye mahitaji maalum ndani ya shule ya kawaida. Yao iko nyuma, karibu na vyoo. Mwalimu ni mmoja, anajituma sana, lakini ana watoto wenye usonji, wenye Down, wenye shida ya kutembea, wote pamoja, na umri tofauti. Mapumziko yao yamewekwa saa tofauti "wasisumbuliwe." Kwa hivyo binamu yangu ana yunifomu ya shule, ana namba ya shule, anaingia kwa geti ya shule, na hajawahi kucheza na mtoto wa gredi ya tatu.

Isipokuwa muhula mmoja. Huyu kijana anajua namba za matatu za Nairobi zote. Zote, sikudanganyi. 111 ni Ngong, 125 ni Rongai, 237 ni Thika, anakutajia mpaka zenye mimi sijawahi panda. Mwalimu wa hisabati wa gredi ya tatu alimsikia akizitaja uani, akamwomba aje darasani kwake Ijumaa. Akaandika ubaoni: toa 111 kwa 237, unabaki na ngapi? Dogo akajibu kabla chaki haijashuka. Watoto wakaanza kumuuliza, na ya Kikuyu je? Na ya Embakasi? Ijumaa iliyofuata walikuwa wanamngoja mlangoni. Muhula ulipoisha yule mwalimu akahamishwa kaunti nyingine, na Ijumaa zikaisha.

Nilipokuja kusoma kuhusu Donald na kile kisima, ilibidi nifunge kitabu kidogo. Juu ni kitu kile kile! Mkulima wa Mississippi na mwalimu wa Eastlands hawajawahi kusikiana, na wote wawili walifanya jambo moja: walichukua kile ambacho watu waliita shida, wakakitumia kuingiza mtoto kwenye kazi ya wenzake. Na vyote viwili vilikuwa bure.

Shida yetu ni kwamba kitu hicho kinategemea bahati. Ukipata mwalimu mwenye roho, mtoto anaingia. Akihamishwa, mtoto anatoka. Na yuniti, ambayo mwaka wa 2003 ilikuwa hatua ya kwanza ya ujasiri, imegeuka kuwa mwisho wa safari. Wazazi wale walipigania kuingia kwa geti. Miaka zaidi ya 20 baadaye bado tunashangilia kwamba watoto wameingia kwa geti.

Upande wa mwalimu

Najua utaniambia nini, na uko na pointi. Mwalimu ana watoto 60, 70 darasani, ile milioni ya ziada ya 2003 haikuja na walimu wa kuitosha, na sasa mimi nakaa kwa kitanda na simu namwongezea mtoto anayepiga kelele kengele ikilia. Ni kweli. Kumwingiza mtoto mwenye usonji darasa la watoto 70 bila kuongeza mkono hata mmoja ni kumtupa, na kumtupa yeye na mwalimu pamoja. Watu wengi walioona "elimu jumuishi" ikifeli waliona hicho, na wakadhani ndicho chenyewe.

Na kuna watoto ambao darasa kubwa ni mateso kwao, angalau kwa sasa, angalau kwa saa fulani. Katiba yenyewe, kifungu cha 54, inazungumzia shule zilizounganishwa na jamii kadiri inavyolingana na maslahi ya mtu mwenyewe. Maslahi yake, sio usumbufu wetu. Kwa hivyo mimi sisemi yuniti zibomolewe kesho. Nasema ziwe na mlango wa kutokea. Mtoto awe na jina kwenye rejista ya gredi yake. Aende kwao kwa somo analoliweza, saa moja, mbili, tatu, zikiongezeka. Mapumziko na paredi ziwe za wote.

Na kuna vitu havingoji bajeti. Ratiba ya picha ukutani, ajue nini kinafuata. Kumwambia dakika tano kabla ya kengele. Kiti mbali na mlango. Kona ya kutulia, hata kama ni mkeka nyuma ya kabati. Hivi vitu vinasaidia hata yule mtoto mwingine ambaye hajapimwa, yule aliyelala njaa, yule ambaye nyumbani kuna vita. Vinavyohitaji pesa ni wasaidizi wa darasani na walimu waliofunzwa, na hapo ndipo tunafaa kupigia serikali kelele, sio kumpigia mwalimu.

Kile kisingizio kingine cha zamani, ati ataangusha alama za wastani za shule, nacho kimezeeka. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023. Mtaala wenyewe sasa unasema kuna njia zaidi ya moja ya kupita shuleni. Tuone kama tulimaanisha.

Wengi wenu mnaosoma hii mko miaka 17, 20, 24. Baadhi mko vyuo vya ualimu sasa hivi. Wengine miaka kumi ijayo mtakuwa kwa kamati za wazazi, mmekaa kwa kiti cha plastiki, na mwalimu mkuu atasema kuna mzazi ameleta mtoto mwenye usonji, tunafanyaje? Kutakuwa na kimya kidogo, halafu mtu atauliza, lakini huyo anafundishika kweli?

Siku hiyo inua mkono. Uliza swali lingine: anapenda nini? Kama ni kupima, tafuteni kisima. Kama ni matatu, mko na Nairobi nzima.